Nguvu ya Hewa katika Kupuliza Rangi

Leo twataka kusema habari za kazi ambayo kila mtu huyaona matunda yake barabarani, walakini si wengi waijuao siri yake, nayo ni kazi ya kupaka motokaa rangi kwa nguvu ya hewa. Hatutasema habari zote za kazi hiyo, maana ni nyingi. Tutashika jambo moja tu, ndilo hili: fundi ajuaje kiasi cha hewa kipasacho, hata rangi ilale juu ya bati laini kama maji ya kisima yasiyotikiswa?

Tuanze na jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu. Tulikuwa katika gereji moja iliyo chini ya mwarobaini, siku ile mwenye teksi alipokuja kuichukua gari yake. Kijana aliyeipaka alikuwa ameifanya kazi yote ya kutangulia kwa uangalifu: amekwangua kutu, amejaza mabonde kwa pati, amepiga msasa wa maji, amepaka praima. Rangi yenyewe ilikuwa ya mafuta, nzuri, tena ya bei. Mwenye teksi akapitisha kiganja juu ya boneti, akainama akaitazama kwa upande juani, akasema, "Fundi, mimi nilitaka rangi ya gari. Hili ulilonipa ni ganda la chungwa." Na kweli, uso mzima wa bati ulikuwa na vidutu na vishimo vidogo vidogo, wala hapana mahali palipong'aa sawasawa. Akakataa kulipa salio la fedha.

Mtu asiyeijua kazi hii atadhani kwamba kosa kama hilo ni la kusugua na kupaka tena alasiri ile ile. Sivyo. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi haikubali msasa. Hujikunja na kushikamana na karatasi. Ilibidi ingojewe siku kadhaa ikauke mpaka ndani, kisha isuguliwe yote, kisha inunuliwe nyingine. Siku hizo zote teksi ilisimama chini ya mti, na mwenyewe bado alikuwa na deni la kuinunua. Kijana naye alikuwa amekwisha zitumia fedha za kwanza kununulia rangi iliyoharibika.

Akailaumu thina, akalilaumu duka, akaulaumu na upepo. Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, aliyekuwa ameketi kivulini, akamwuliza, "Mwanangu, uliweka hewa ratili ngapi?"

"Ratili 50, mzee."

"Ulizisomea wapi?"

Kijana akaonyesha geji iliyo ukutani, karibu na kompresa.

"Na ulipozisoma, kidole chako kilikuwa kimevuta kifyatulio, au kilikuwa kimelegea?"

Kijana hakujibu. Sisi nasi, tulisema kweli, wakati ule hatukuelewa kwa nini mzee aliuliza habari za kidole.

Ili tuelewe, na tutazame kwanza vitu viwili vya nyumbani. Cha kwanza ni mrashi. Mgeni apokewapo arusini hutikisiwa mrashi, na marashi hutoka matone makubwa yaonekanayo. Yakianguka juu ya kanzu, kila tone huacha duara yake. Cha pili ni bomba la mkono la dawa ya mbu, lile lenye kopo mbele na mti wa kusukumia nyuma. Ukiusukuma mti polepole, dawa hutoka matone mazito kama ya mrashi, nayo huanguka papo hapo sakafuni. Ukiusukuma kwa nguvu, hutoka ukungu mwembamba, nao huelea chumbani hata nje ya mlango. Dawa ni ile ile, kopo ni lile lile, na tundu ni lile lile. Kilichobadilika ni hewa.

Bastola ya rangi, ambayo mafundi wengine huiita bunduki, ni ndugu wa bomba hilo, wala hatusemi hivi kwa mfano tu. Katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio, huko Marekani, daktari wa magonjwa ya koo aliyeitwa Allen DeVilbiss alitengeneza kipulizio cha kunyunyizia dawa kooni, naye akaanza kuvifanyia vipulizio hivyo biashara mwaka 1888. Mwanawe, Thomas DeVilbiss, alilichukua wazo lile la baba yake akalitia katika kazi ya rangi, na mwaka 1907 akatoa bastola ya kupulizia rangi. Hapo kwanza mafundi wa motokaa walishika brashi, na kuipaka gari moja na kuingoja ikauke kulichukua majuma kadhaa. Lakini tangu miaka ya 1923 na 1924 kampuni ya General Motors ilianza kutumia rangi ya Duco, iliyotengenezwa na kampuni ya DuPont, ambayo hukauka upesi mno hata brashi haiwezi kuipaka vema motokaa nzima. Rangi ile ilikuwa haina budi kupulizwa. Ndipo bastola ilipoenea katika viwanda vya magari, kisha katika gereji za dunia nzima.

Sasa tuitazame kazi ifanyikayo katika mdomo wa bastola. Kuna njia mbili, ya rangi na ya hewa. Rangi hutoka katika tundu dogo la katikati, ambalo huzibwa na sindano. Ukivuta kifyatulio, sindano hurudi nyuma na rangi hupata nafasi. Hewa hutoka kulizunguka tundu hilo kwa kasi, nayo huipasua rangi kuwa matone. Tena ile kofia ya mbele ina pembe mbili zenye matundu; hewa itokayo humo huubana mnyunyizo toka pande mbili, ukawa mrefu na mwembamba kama jani la mgomba badala ya kuwa duara. Bastola nyingine zina kikombe chini, na hewa huifyonza rangi ipande juu. Nyingine zina kikombe juu, na rangi hushuka yenyewe.

Matone yakifika juu ya bati yanatakiwa yafanye jambo moja: yaungane. Kila tone lilale, lipanuke, ligusane na jirani yake, hata yawe utando mmoja. Hewa ikiwa haba, matone huwa makubwa na mazito. Huanguka juu ya bati kama kokoto, nayo thina huyaacha kabla hayajatandazika, yakabaki na migongo yake. Hilo ndilo ganda la chungwa aliloliona mwenye teksi. Hewa ikizidi, matone huwa madogo kama vumbi, na thina iliyo ndani yake huruka yangali njiani. Hufika juu ya bati yamekwisha kauka nusu, hayawezi kuungana tena, na uso ukiupapasa hukwaruza kama msasa wala haung'ai. Tena sehemu kubwa ya rangi haifiki kabisa. Hurudishwa na upepo wa bastola yenyewe, ikaenda kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.

Yatupasa kusema mapema kwamba ganda la chungwa lina sababu nyingine pia. Rangi iliyo nzito mno italileta, hata hewa ikiwa sawa. Kadhalika thina ikaukayo upesi wakati wa jua kali, na bastola iliyoshikwa mbali. Kwa hiyo fundi mwenye busara haigusi hewa kabla ya kuipima rangi. Viko vikombe vya kupimia vyenye tundu chini. Hujazwa rangi, kisha huhesabiwa ni nukta ngapi mpaka mkondo ukatike. Kopo la rangi aghalabu huandikwa hesabu hiyo, pamoja na kiasi cha thina na nguvu ya hewa itakiwayo. Maandishi hayo ni madogo, na mafundi wengi hawayasomi. Wasomi wa shule waliomo nyumbani waweza kumsaidia baba au kaka kwa jambo hilo.

Sasa twarudi kwenye geji na kidole. Nguvu ya hewa hupimwa kwa ratili juu ya kila inchi ya mraba. Geji nyingine huonyesha kipimo kiitwacho baa, wala si ile baa ya kunywea. Baa 1 ni sawa na ratili 14 na nusu. Hewa ikiwa imetulia katika mpira, geji ya ukutani husoma nguvu ya hewa iliyosimama. Ukivuta kifyatulio, hewa huanza kwenda, na iendapo hujisugua katika kuta za mpira, katika viungo, na katika kila kona. Msuguano huo hula nguvu. Kadiri mpira ulivyo mrefu na mwembamba, ndivyo nguvu nyingi zaidi iliwavyo njiani.

Mpira wa kijana yule ulikuwa wa tundu la robo inchi, nao ulikuwa na urefu wa futi 50, maana aliutaka uizunguke gari yote bila kuisogeza kompresa. Mzee akaingia ndani, akaleta geji ndogo, akaifunga chini ya mpini wa bastola yenyewe. Akamwambia kijana avute kifyatulio akishike hivyo hivyo. Ukutani palisomeka 50. Kwenye mpini palisomeka 25. Nusu ya hewa ilikuwa imeliwa na mpira! Boneti ile ilipakwa kwa nusu ya hewa ambayo kijana aliamini kwamba anayo.

Mpira mwingine ukatafutwa, wenye tundu la sehemu 5 za 16 za inchi, futi 25. Tundu hilo limelizidi la kwanza kwa unene wa kadi tu, walakini tofauti yake katika mwendo wa hewa ni kubwa. Walipojaribu tena kwa ratili 50 ukutani, kwenye mpini zilibaki 45. Hapo kijana akafurahi kupita kiasi. Akaona kwamba ikiwa kosa lilikuwa hewa kidogo, basi dawa ni hewa nyingi. Akaizungusha bilula ya hewa hata geji ikasoma 80. Mzee hakumkataza. Alimpa kipande cha boksi akipulizie. Mnyunyizo ukatoka umekatika katikati, umekuwa na vichwa viwili na kiuno chembamba kama tarakimu ya 8, na vumbi la rangi likapanda mpaka kwenye majani ya mwarobaini.

Kipande cha boksi ndicho kitabu cha fundi huyu, nacho hakina gharama. Njia ya kukisoma ni hii. Fungua kabisa sindano ya rangi na bilula ya pembe, kisha punguza hewa hata ratili 30, ukizisoma kwenye mpini na kifyatulio kimevutwa. Puliza mara moja, upesi, kwa kiasi cha kupepesa jicho, utazame matone. Yakiwa makubwa, hasa kandokando, ongeza ratili 5, upulize mahali pengine. Endelea hivyo hivyo, ratili 5 kwa 5, mpaka uone kwamba matone ni madogo na yanafanana, toka juu ya mnyunyizo hata chini. Hapo simama. Ukiongeza tena na usione tofauti, rudi nyuma ulikotoka, maana hewa ya ziada haikupi ulaini wowote. Yakupotezea rangi tu. Kanuni ndiyo hii: hewa ndogo kabisa iwezayo kuipasua rangi vema. Kwa bastola za mtindo wa zamani, zenye kikombe chini, kipimo hicho kwa kawaida huangukia kati ya ratili 40 na 60, kwa kuitegemea rangi.

Umbo nalo husema. Mnyunyizo ukiwa mzito katikati na mwembamba kandokando, hewa ni haba au rangi ni nzito. Ukikatika katikati kama ule wa kijana, hewa imezidi rangi. Ukiinama upande mmoja kama mwezi mwandamo, hapo usiiguse hewa, kwani kuna tundu lililoziba. Geuza kofia nusu mzunguko; ikiwa upinde nao umegeuka, uchafu umo katika kofia, na ikiwa haukugeuka, uchafu umo katika mdomo wa rangi. Zibua kwa kijiti kilaini cha mti. Tumewaona watu wakitumia msumari au waya, na tundu lililopanuliwa kwa msumari halirudi tena kuwa duara.

Kuna na habari ya maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kompresa huikamua kama mtu akamuavyo nguo. Hewa iliyoshindiliwa kwa ratili 100 imebanwa katika nafasi ya karibu sehemu moja kwa 8 ya ile ya kwanza. Ikipoa, haiwezi kuyashika maji yake yote, nayo huanguka chini ya tangi. Usipoyafungulia kila asubuhi, yatatembea na hewa hata bastolani, na matone yake yatapasua utando wa rangi. Chujio la maji halifai kufungwa karibu na kompresa, kwa kuwa hapo hewa ingali moto na maji yangali mvuke. Lifungwe mbali, kiasi cha futi 25 za bomba la chuma, na bomba lenyewe liinamie kompresa ili maji yarudi tanginini. Kwa rangi zikaukazo upesi, siku za mvua huleta ukungu mweupe juu ya rangi, kwa sababu thina irukapo huipoza rangi, na unyevu wa hewani huiganda. Dawa yake ni thina ya polepole, au subira.

Mkono hatuna haja ya kuuzungumza sana, maana hujifunza kwa kufanya. Bastola ishikwe umbali wa shibiri moja kasoro kidogo, yaani inchi 6 hata 8, iutazame uso wa bati moja kwa moja, na mkono wote uende sambamba nao. Kiwiko kikizunguka kama mlango, katikati rangi itakuwa nyingi na mwisho itakuwa kavu. Kila mstari uufunike nusu ya uliotangulia. Ukikawia, rangi itatoa machozi.

Siku hizi zimeenea bastola za namna nyingine, zitumiazo hewa nyingi kwa nguvu ndogo. Katika kofia yake hewa haizidi ratili 10, ijapokuwa kwenye mpini aghalabu huingia ratili 20 hata 30. Sheria za hewa safi za kusini mwa California ndizo zilizozisukuma mbele, zikitaka angalau sehemu 65 katika 100 za rangi zifike juu ya kitu kipakwacho. Bastola ya zamani yaweza kufikisha theluthi tu, na iliyobaki huenda hewani. Faida ni kubwa kwa anunuaye rangi kwa fedha zake. Lakini bastola hizi hula hewa nyingi mno, na kompresa ndogo huchoka: fundi huanza mlango vema, na kabla hajafika mwisho nguvu imeshuka na matone yamekuwa makubwa. Aliye na kompresa ndogo na apake sehemu moja, angoje tangi lijae, kisha aendelee na nyingine. Asianze boneti tangi likiwa nusu.

Tena ile rangi iendayo hewani haipotei. Huingia vifuani mwa watu. Rangi za kuchanganya na dawa ya kukaushia aghalabu zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kumtia mtu pumu, na akishaipata, hata chembe kidogo humrudishia. Kitambaa cha puani hakizizuii. Kwa rangi hizo hutakiwa barakoa iletewayo hewa safi kwa mpira wake toka nje. Wala usimwelekezee mtu bastola kwa mzaha, kwa kuwa hewa ya nguvu yaweza kupenya ngozi. Moto na sigara viwe mbali, kwani mvuke wa thina huwaka haraka.

Boneti ya teksi ilisuguliwa siku ya tano. Siku ya sita asubuhi, kabla ya upepo kuanza, kijana alifungulia maji ya tangi, akachuja rangi kwa soksi ya nailoni, akapuliza boksi mara 4, akasimama kwenye ratili 50 za mpinini, ambazo ukutani zilisomeka 55. Alipomaliza, mzee alichukua chaki akaandika juu ya ukuta, kando ya geji, majina ya rangi na thina, urefu wa mpira, na hesabu zile mbili. Mwenye teksi alikuja jioni. Alipitisha kiganja kama mara ya kwanza, akainama akatazama kwa upande, akauona mwarobaini umo ndani ya boneti na majani yake yahesabika. Akatoa salio, akakata fedha za siku ambazo gari haikufanya kazi, na kijana akazipokea zilizobaki bila kusema neno.